Baada ya Tisini

Saa tisa usiku, Jumanne, mjini Wałbrzych,
theluji imeziba nusu ya dirisha la jikoni,
ule mstari wa njano chini ya skrini ukajaa,
ukameta mara moja, ukafa.
Tisini. Tisini na moja haipo.

Miaka mitatu nimeulisha mstari ule
kama mtu alishaye mbwa asiyeshiba:
mbwamwitu elfu kumi na mbili, barua za wafalme
nilizobeba mlima hadi mlima kama tarishi,
na joka la Ziwa Jeusi, lililoniua mara thelathini
kabla halijanifia mikononi.
Nikampiga mbwamwitu mwingine, nione tu.
Akaanguka. Mstari haukutikisika.

Wenzangu walijua la kufanya: waliondoka.
Hyvönen wa Tampere, tabibu wetu, alipata mtoto.
Ndugu wawili wa Brno wakahamia mchezo mwingine
waanze tena na moja, pekupeku, na panga la mti.
Taa za kijani kwenye orodha ya majina
zikazimika moja moja,
nikabaki mimi, Grafit, shujaa wa tisini,
deraya ya dhahabu ikimeta sokoni
mbele ya wauza supu wasio na roho
wanaonisalimu kwa sentensi ileile tangu nikiwa wa tatu.
Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, yasemwa.
Mimi nilimjua. Nikamwonea wivu.

Nikachukua sururu, sijui kwa nini,
nikarudi mgodi wa kwanza, ule wa wageni,
nikachimba shaba isiyonunulika.
Ko. Ko. Ko.
Baba akatoka chumbani na soksi zake za sufu,
Zenon Wrona, miaka ishirini na mbili kwenye makaa ya mawe
mpaka lango lilipofungwa akapewa saa ya ukutani.
Mchezo wangu huuita katuni.
Akasimama nyuma ya kiti, kifua kikipiga mluzi.
Nikangoja aulize: wachimba nini, nawe huna tena cha kupata?
Akasema, "Nani kaweka boriti hizo?"

"Zipi?"
"Hizo! Zimeegemea kama walevi.
Paa zito vile, nguzo nyembamba kama mkono wa mtoto?
Toka humo. Toka, Kinga, nakwambia!"
Nami, wa tisini, mchinja joka,
nikatoka mbio.

Tangu usiku ule tunakagua.
Yeye ana daftari la miraba na penseli iliyotafunwa.
*Mgodi wa Mbilikimo: maji hadi magotini, pampu hakuna. Aibu.*
*Mgodi wa Mfalme Mfu: hewa yaingilia wapi?*
*Mgodi wa Kioo: reli safi. Breki?*
Mchezaji mmoja wa kiwango cha tisa alitufuata saa nzima
akiuliza zawadi ni nini.
Nikamwandikia: tunatazama dari.
Akakaa kimya kidogo. Kisha naye akatazama.

Jana Baba alishika kipanya kwa mara ya kwanza,
kwa vidole viwili, kama kinyesi cha panya.
"Mpigishe paa," akasema. "Likilia kama kengele, kaa.
Likilia kama ngoma, acha hata koti lako."
Akaongeza sauti hadi jirani akagonga ukuta.
Ko. Akafumba macho. Ko.
Akahama mgodi, akapiga tena. Ko.
"Wametumia sauti moja kwa miamba yote,"
akasema, kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa,
akaliandika hilo pia, akalipigia mstari mara mbili.

Migodi arobaini na mmoja. Haujafaulu hata mmoja.
Kiwandani naingia saa kumi na mbili, yafaa nilale,
lakini amekwisha kuvuta kiti cha pili,
miwani puani, ukurasa mpya,
na juu yake, kwa herufi kubwa: KASKAZINI.